Ulimi Wangu na Samaki wa Patron

2 Machi 1993
Daftari hili nimepewa na Mahoro, binti wa dada yangu. Aliniambia, "Mjomba, hizo hadithi zako andika sasa, masikio yetu yamechoka." Basi naandika. Mimi ni Shabani Munyaneza wa Biryogo, niliyekuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya Dar es Salaam miaka mingi, na ndiyo maana hapa Kigali wananiita Baharia. Huko Dar niligombana na pweza aliyetaka kiatu changu cha kushoto. Alikichukua, lakini kesho yake alikirudisha mwenyewe kwa aibu. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu alikuwa anaogopa maswali yangu.

Leo nimeitwa na Jean-Berchmans, patron, mwenye baa iliyo karibu na uwanja wa Amahoro, pale Remera. Ana tangi kubwa la kioo aliloachiwa na Mbelgiji aliyeondoka vita vilipoanza, pamoja na magunia ya chumvi ya bahari. Ndani kuna samaki wanne wa bahari hasa: mmoja wa bluu, mmoja wa njano, na wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Mahoro ndiye anayewalisha, na ndiye anayewapelekea wateja chupa. Kazi hiyo nilimpatia mimi. Nilimwambia patron kwamba sisi kwetu tunazaliwa na magamba.

"Mzee Shabani," patron akasema, "wewe iko mtu ya bahari. Samaki yangu imechoka. Angalia."

Niliangalia. Tangi limewekwa kati ya kaunta na mlango wa choo. Maji yana rangi ya chai ya jana, na juu yake unaelea utando kama mafuta ya supu ya kongoro. Nimewahi kuona choo cha stesheni ya Tabora mwaka wa kipindupindu, kilikuwa uvumba kwa hili. Nimefunga, ni Ramadhani, kwa hiyo nilionja kwa ncha ya ulimi tu, nikatema. Chumvi kali mno, bahari yenyewe ingekohoa. Maji yakipungua kwa joto la taa, patron anaagiza yajazwe kwa maji ya chumvi tena. Maji huondoka, chumvi haiondoki. Nilimwambia Mahoro ajaze kwa maji matupu. Samaki walishangilia, nimeona kwa macho yangu.

5 Machi
Dereva mmoja amepitia mpaka wa Rusumo, unaopitwa na malori yote tangu vita vifunge ule wa Gatuna, akamletea patron samaki mpya kutoka Dar ndani ya mfuko wa nailoni. Ni mweusi mwenye michirizi myeupe, amekonda, anapepesuka kama mlevi. Nikasema akae kwanza peke yake kwenye beseni, tumchunguze.

Patron aliniangalia kama nimemtukania mama. "Mgeni alazwe uani? Mzee, kwetu mgeni anaingia salon."

Akakata mfuko, akammwaga pamoja na maji yake yote machafu ya safari. Wateja wakapiga makofi. Mimi nikaenda kuswali.

9 Machi
Mvua. Nilionja, nilitema.

12 Machi
Yule wa bluu, ambaye watu wanamwita Minisitiri, yaani waziri, kwa sababu ana tumbo na hasalimii mtu, ameota chembe nyeupe mwili mzima, kama aliyenyunyiziwa semolina. Anajisugua kwenye jiwe kama mbuzi mwenye upele. Wa njano amesimama chini ya mrija wa hewa, mdomo wazi, matamvua yanapiga mbio. Mgeni wa Dar ndiye mwenye chembe nyingi kuliko wote. Sikushangaa.

Évode, mwanamume wa makamo anayehudumu kaunta na kusema vya watu, aliniuliza, "Baharia, hiyo si tetekuwanga?"

Nikamjibu kwamba Tanga nilimng'oa papa jino bovu bila ganzi, sitashindwa na chembe. Lakini ndani ya moyo wangu nilijua ni wadudu. Upele wa mbuzi naujua.

15 Machi
Leo nitaandika kirefu, nikiacha sitalala.

Asubuhi wa njano amekufa. Mahoro alimtoa kwa kijiko cha mboga, akamweka juu ya gazeti. Nilimfunua matamvua. Ndani kulikuwa na ute mzito mweupe, kamasi za mtoto asiyefutwa pua. Mgeni naye alikufa kabla ya adhuhuri. Mahoro akawatupia paka wa jikoni wote wawili.

Paka alikuja mbio. Akanusa. Akarudi nyuma, akatikisa mguu kama aliyekanyaga maji, akaondoka.

Baa ilikuwa na wateja kama kumi. Wote wameona. Nilisikia brosheti, mishikaki ya mbuzi, zinalia kwenye mkaa.

Évode akasema, taratibu, kama anayezungumza na glasi anayoifuta, "Paka imekataa, sha. Paka haidanganyi."

"Paka hapendi samaki mwenye chumvi na ute," nikasema. "Hata wewe usingekula."

"Ni nani anawapa chakula?" mzee mmoja akauliza.

Wote wakamtazama Mahoro.

Asiyeijua Kigali ataona ni mchezo. Hapa mtu akiitwa mrozi, mtia sumu, jina hilo halifutiki hata akihamia Cyangugu. Haolewi, haajiriwi, watoto hawatumwi kwake kuomba moto. Na mwaka huu watu wanaogopana hata kabla ya kusalimiana.

Mahoro akapeleka chupa mezani kwa yule mzee, akaifungua mbele yake kama kawaida. Mzee akaisukuma kidogo kwa kidole. "Tangulia, mwanangu."

Kusogongera ni ada yetu: anayekupa kinywaji hukitangulia yeye, anameza funda moja mbele yako, ndipo anakukabidhi. Ni heshima kwa pombe ya kienyeji, nyumbani, kati ya watu. Kwa chupa ya kiwanda iliyofunguliwa machoni pako ni tusi. Mahoro hajawahi kunywa pombe. Alimtazama patron. Patron akatazama dari.

Alimeza. Meza ya pili nao wakasema tangulia. Na ya tatu.

16 Machi
Jana Mahoro alirudi nyumbani anashika kuta. Mafunda ya watu wote wa Remera tumboni mwa msichana mmoja. Alitapika uani, na mimi nilimshika kichwa nikiwa na wudhu wangu.

Nilikwenda kwa patron. Akaniambia, "Mzee, si mimi. Ni watu. Nikimfukuza leo watasema ni kweli. Nikimwacha, wateja wanaenda kwa jirani. Basi hivi: Minisitiri ikipona, watu wataona ilikuwa ugonjwa. Ikikufa, Mahoro aende, na mimi sitasema neno la kumtetea."

Yaani jina la mtoto wetu limetundikwa kwenye pezi la samaki.

18 Machi
Patron amemleta Viateur, daktari wa ng'ombe, mwenye mabuti na sindano ya kuchoma fahali. Alimtazama Minisitiri akiwa mbali, mkono puani. "Ni ukungu," akasema. Akamimina unga wa njano anaowapa ndama wanaoharisha. Jioni maji yakawa mkojo, na juu povu la kidole kizima. Nilionja, nilitema, nikasukutua, nikatema tena.

19 Machi
Mmoja wa rangi ya chungwa amekufa chini ya povu. Viateur amesema alikuwa amechelewa kuletwa hospitali.

20 Machi
Tumepunguza maji yale nusu na kuweka mapya. Yaliyotoka yalimwagwa mferejini, mbwa akaruka mfereji.

Mahoro anatangulia kila chupa. Sasa wengine wanacheka wakimwambia. Ubaya wa binadamu ni kwamba akizoea kitu kichafu anakifanya mchezo.

25 Machi
Idi. Nimevaa kanzu, sikwenda Remera. Pilau ya dada yangu ilinuka tangi. Si pilau, ni pua yangu.

28 Machi
Mungu hutumia hata mikono ya wapumbavu. Leo nilikuwa nasafisha kioo, na yule wa chungwa aliyebaki nilikuwa nimemtoa kwa chujio la chai. Évode akapita na trei, akanigonga kiwiko. Samaki akaangukia ndoo ya maji ya mvua, yaliyotoka kwenye bati na kupata uvuguvugu wa jiko la mkaa lililokuwa karibu.

"Umeua," Mahoro akaniambia. Hakusema mjomba.

Maji matupu kwa samaki wa bahari, kila mtu anajua ni kifo. Nikaingiza mkono, lakini yule mdogo anateleza kama sabuni, kila nikimshika ananiponyoka. Nilipomkamata, nusu ya zile chembe zilikuwa zimemtoka. Nikaona kwenye ndoo unga mweupe unazama. Nikamrudisha tangini. Akalala ubavu, Mahoro akaanza kulia, halafu samaki akainuka na kwenda kugombana na jiwe lake.

Nikafikiri. Samaki ana ngozi na gamba, anavumilia dakika chache. Mdudu hana ngozi, maji matupu yanamjaza mpaka anapasuka. Kama kupe kwenye josho.

Tukapasha maji ya mvua mpaka yakawa na uvuguvugu wa tangi, maana samaki wa joto ukimtia baridi ya itumba hili, masika yetu, anakufa kwa mshituko. Tukamtumbukiza Minisitiri. Mahoro akabana pumzi yake muda wote ule, alipomtoa samaki ndipo naye akapumua. Chembe zimepukutika. Nimewaambia wateja hii ni dawa niliyofundishwa na nyangumi, aliyekuwa anapenda kuingia mdomo wa mto Rufiji kuoga. Wamecheka. Lakini wakasema tangulia vilevile.

31 Machi
Minisitiri msafi. Anakula. Patron amenipa mkono, mkono wenyewe una mafuta ya mbuzi.

4 Aprili
Zimerudi. Mara tatu ya zile za kwanza. Hata kwenye macho.

5 Aprili
Sikula. Nilikaa barazani Biryogo naangalia mvua inavyopiga, nikawakumbuka mbuzi wa baba. Ukiwaogesha dawa na kuwarudisha kwenye zizi lilelile, kupe wanashuka ukutani usiku na kuwapanda tena. Anayeumwa siye mbuzi peke yake. Zizi linaumwa.

Wadudu hawa hawafi wakidondoka. Wanalala mchangani, wanazaa, wanarudi juu na watoto wao.

6 Aprili
Nilimwambia patron tuwahamishe samaki kwenye beseni kubwa la plastiki, chumvi nusu ya kawaida, kiasi samaki akivumilie na mdudu kimshinde. Wakae humo mpaka itumba liishe. Tangi limwagwe, mchanga uchemshwe.

"Tangi tupu kwenye baa yangu? Watu watasema zote zimekufa. Na beseni likikaa store, watasema msichana anachanganya dawa gizani."

"Basi liwekwe mbele ya kaunta," nikasema.

Yule mzee wa chupa ya kwanza akasema kutoka mezani kwake, "Anayechanganya atangulie."

Wote wakakubali. Mahoro akachukua kikombe. Macho yake yalikuwa yamezama, msichana wa miaka ishirini na uso wa mlevi wa sitini. Nikamnyang'anya kikombe.

"Anayechanganya ni mimi," nikasema. "Yeye kazi yake ni kulisha."

Nikachota. Maji yalikuwa yamekwishaingizwa Minisitiri, ambaye kwa hofu alikuwa amejisaidia, uzi mrefu mweusi unaelea. Nisiwe mwongo katika daftari langu mwenyewe: nilitamani kukimbia. Nimesema maishani kwamba nilikunywa bahari siku tisa nikiwa juu ya pipa karibu na Mafia, na watu wa Remera walikuwa wanangoja kuona. Nikanywa kikombe kizima. Kina vuguvugu, kina utelezi, kina ladha ya sarafu na jasho la soksi, na mwishoni kitu kama yai. Kilishuka, kikasimama nusu ya njia, kikafikiri, kikashuka tena.

"Kimepungua chumvi kidogo," nikasema. Na kweli kilikuwa kimepungua. Nikaongeza konzi moja.

7 Aprili
Nilishinda chooni. Nyumbani.

8 Aprili
Tumemwaga tangi. Chini ya mchanga tumekuta vipande vya brosheti vilivyooza mpaka vikawa jeli, vizibo vya chupa, kitana, na jino la bandia. Hakuna aliyelidai. Mchanga tumeuchemsha katika sufuria ya isombe, kisamvu, na mpishi amesema hataigusa tena. Namuelewa. Harufu iliyotoka pale, kama ingekuwa na miguu ingefika Sonatubes.

Wateja wanalisha samaki kwa siri, kumbe. Kila mtu anampa mnyama wa mwenzake uchafu wake na kuuliza kwa nini anaumwa.

11 Aprili, Pasaka yao
Nimebadilisha nusu ya maji, nimetangulia. Sasa wanaleta rafiki zao kunitazama.

17 Aprili
Umeme umekatika mchana, wanasema ni mambo ya vita kaskazini. Pampu ya hewa ikanyamaza. Beseni ni dogo, baada ya muda Minisitiri akaja juu, mdomo nje, anameza upepo.

Mahoro akachukua jagi, akaanza kuchota na kumwaga kutoka juu ili maji yashike hewa. Nikampokea. Bega langu si lile lililomzuia faru kule Akagera, nikachoka. Patron alikuwa anaendelea kucheza karata. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Leta hapa, Mzee."

Évode. Amekunja mikono ya shati. Alichota na kumwaga, akachota na kumwaga, jasho likamtiririka mpaka puani, wateja wakamwita akawapuuza. Umeme ulirudi jioni. Ndipo akamwambia Mahoro, bila kumtazama, "Ile ya paka. Nilisema tu. Sikujua neno litaota miguu."

"Liliota miguu," Mahoro akasema. "Linatembea kila meza."

Nilikuwa nimemdharau mtu huyu kuliko ute wa samaki. Sasa namdharau kidogo.

18 Aprili
Mkono wa kulia wa Évode umevimba. Ameweka chupa zote upande wa kushoto.

26 Aprili
Chembe hazipo. Nimenyamaza, nisizichokoze.

3 Mei
Mvua. Nilitangulia, nilimeza.

9 Mei
Hazijarudi. Yule wa chungwa amenenepa. Minisitiri ananijua, nikija anageuza mgongo. Patron anawaambia wateja kwamba wazo la beseni lilikuwa lake, alilisoma Ulaya. Hajafika hata Bujumbura.

Mahoro bado anatangulia chupa. Nilimuuliza patron, si ulisema samaki akipona? Akajibu, "Tungoje arudi tangini, Mzee. Watu waone vizuri." Nimekuja kuona jambo: patron mwenyewe tangu ile siku ya paka hajapokea chupa mkononi mwa Mahoro bila kumwambia tangulia. Alisema si yeye, ni watu. Yeye ndiye meza ya kwanza.

22 Mei
Dereva wa Rusumo amemletea patron samaki mwingine, wa njano kama ndimu mbivu. Patron akainua kisu akate mfuko juu ya beseni. Mahoro akajiingiza kati na kulifunika beseni kwa mikono miwili.

"Huyu atalala uani, patron."

"Mgeni?"

"Mgeni. Mpaka tumjue."

Patron akanitazama mimi, nikatazama dari. Nilijifunza kwake. Akashusha kisu. Samaki wa njano yuko uani ndani ya ndoo yake, na leo nimemwona chembe mbili kwenye mkia.

30 Mei, Jumapili
Mvua imekoma tangu Alhamisi. Vumbi limeanza Remera, afadhali vumbi.

Leo tumewarudisha. Tangi safi, chumvi nimeipandisha kidogo kidogo wiki nzima kwa ulimi wangu, maana ukimrudisha samaki kwa pupa unamuua umeshamponya. Baa ilijaa. Minisitiri akazunguka mara moja, akaangalia kila kona kama anayekagua nyumba ya serikali, akajificha nyuma ya jiwe lake. Hana chembe hata moja. Bluu yake inauma macho. Watu wakapiga makofi, patron akainama kupokea makofi.

"Mahoro!" akaita. "Leta moja, baridi."

Mahoro akaleta chupa. Akaifungua mbele yake. Akaiweka mezani, akaiachia.

Patron akangoja. Kidole chake kikaisukuma chupa kidogo, vilevile kama yule mzee. Mahoro hakuigusa. Alisimama wima, mikono nyuma, uso hauna kitu. Hakuwa na hasira. Alikuwa amefika mwisho tu.

Vichwa vikageuka, meza moja baada ya nyingine. Évode akaacha kufuta glasi. Yule mzee akatazama samaki, akatazama chupa, akatazama samaki.

Nilitaka kusema kitu, nina maneno mengi, nilikuwa na hadithi nzima ya sultani wa Kilwa na mpishi wake. Nikaimeza. Ilishuka kwa shida kuliko maji ya beseni.

"Mahoro," patron akasema, kwa sauti ndogo. "Tanguli..."

Hakumaliza. Wote walikuwa wanamtazama. Akilimaliza neno lile, basi hata Minisitiri hajapona, na fahari yote aliyopokea ni ya bure. Akainua chupa. Akanywa funda moja, akangoja, kama mimi nilivyongoja siku ile ya kikombe. Halafu la pili.

Mahoro akageuka, akaenda kwa yule mzee. "Na wewe, mzee?"

"Nipe, mwanangu," mzee akasema, akanyoosha mikono yote miwili kupokea.

Hakuna aliyetangulia kwa mtu leo. Tulipofika nyumbani Mahoro alitembea wima mpaka mlangoni, akamsalimia mama yake kwa mdomo usionuka, wakaingia ndani.

Kabla ya kuondoka mimi nilikwenda kwenye tangi, kwa mazoea. Watu walishaanza: kipande cha brosheti kilikuwa kinaelea pale juu, mafuta yake yanatanda. Nikakitoa kwa kidole. Nikaonja maji.

Nikatema.